Uzi: Kabla hujasema mwanao ana aleji na dawa fulani, cheki kwanza rangi iliyowekwa kwenye hiyo dawa

#1 Mleta uzi

Habari zenu wadau. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu maana nilitaka niwe na uhakika kwanza, sasa kwa upande wa mwanangu uhakika ninao na mengine nimesoma vya kutosha, kwahiyo naweka yote hapa. Ni mrefu, atakaechoka apumzike arudi baadae.

Binti yangu sasa ana miaka sita. Alipokua na miaka miwili na nusu alipata homa ya kawaida tu, nikampa parasetamoli ya maji, ile ya watoto, yenye rangi ya chungwa. Haikupita saa moja na nusu mgongo wote umejaa mabaka mekundu yaliyovimba, anajikuna analia, mdomo wa juu umetuna. Tukakimbia hospitali, akapewa dawa ya aleji, usiku huohuo mabaka yakashuka. Aliyempokea akauliza kala nini, nikamjibu chakula ni kilekile cha kila siku, kipya ni dawa tu. Basi ikaandikwa kwenye faili: mzio wa parasetamoli. Simlaumu kabisa, kwa maelezo niliyompa hata mimi ningeandika hivyohivyo.

Sasa hebu fikiria hayo maneno yakikaa kwenye faili la mtoto maana yake nini. Parasetamoli ndo dawa ya kwanza ya homa na maumivu ya mtoto popote pale utakapoenda. Ukiitoa unabaki na ibuprofeni, ambayo mtoto akiwa anatapika na kuharisha mpaka kaishiwa maji madaktari wanaikwepa kwasababu ya figo, na aspirini ndo kabisa watoto hawapewi hivihivi tu kwasababu ya ugonjwa wa Reye, ule unaovimbisha ubongo na kuharibu ini. Kuna usiku tulifika hospitali ana 39.8 na anatapika kila kitu, mhudumu anashika faili anasoma anaweka chini, anachukua tena anasoma, anatoka kwenda kutafuta mtu wa kumuuliza, na mi nimesimama pale mtoto anachemka mikononi mwangu. Miaka miwili tuliishi hivyo.

Tukio la pili ilikua dawa ya kikohozi. Haina parasetamoli hata tone, mabaka yakatoka vilevile. Nikaambiwa huyu mtoto inaonekana ana aleji na dawa nyingi, tuwe waangalifu. La tatu ndo lililonizindua: vidonge vya vitamini vya kutafuna. Vitamini jamani. Haiingii akilini mtoto anaekula matunda kila siku akatoke mabaka kwa vitamini C. Nikachukua chupa zote tatu (nilikua bado ninazo, sijui hata kwanini sikuzitupa) nikazipanga mezani, nikazigeuza, nikaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo siku zote nilikua nayaruka. Watengenezaji watatu tofauti, kazi tatu tofauti. Ukiacha sukari na asidi ya sitriki, ambavyo anakula kila siku na hajawahi kupata shida, kilichojirudia kwenye zote tatu ni kimoja tu, E110. Chupa moja haikuandika E110, iliandika CI 15985, nikahangaika sana kabla sijajua kumbe ni kitu kilekile kwa jina la pili. Inaitwa pia Sunset Yellow na Marekani wanaiita FD&C Yellow No. 6. Majina manne, rangi moja.

Tukapelekwa kwa daktari bingwa wa aleji. Nilienda na chupa zangu na kidaftari nimejiandaa kubishana, ila hakunibishia na wala hakuniamini moja kwa moja, alisema vitu kutokea pamoja inatupa pa kuanzia kutafuta, bado siyo jibu. Akampa parasetamoli isiyo na rangi palepale kliniki, kidogokidogo huku dozi inapanda, dawa za dharura zipo pembeni, tukakaa masaa. Hakuna kitu. Tukarudi siku mbili nyingine akapewa kinywaji ambacho siku moja kilikua na ile rangi na siku nyingine hakina, kimefichwa vizuri hata mimi sikuweza kutofautisha. Siku moja alicheza tu akalala. Siku nyingine mabaka yakaanza shingoni. Walipofungua karatasi yao, siku ya mabaka ndo ilikua siku ya rangi.

Neno parasetamoli likafutwa kwenye faili. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hiyo siku, nililia kwenye gari.

NB: hilo zoezi ni la kliniki tu. Mtu asijaribu nyumbani hata kama anajiona makini vipi, aleji iliyotoa mabaka leo inaweza kesho kuziba koo.

Sasa nije kwenye nilichojifunza.

Kwanza elewa dawa ina pande mbili. Kuna dawa yenyewe, ile inayotibu, na kuna vinavyoambatana nayo: vya kuishikisha, vya utamu, vya kuzuia isioze, harufu, na rangi. Rangi haitibu chochote. Inawekwa ili dawa ivutie, ili kila chupa ifanane na iliyotangulia, ili watu na wahudumu watofautishe kidonge hiki na kile, na nyingine husaidia kuikinga dawa na mwanga. Sababu hizo zipo na baadhi ni za msingi. Ila homa ya mwanao ukiiondolea rangi dawa inashuka vilevile.

Kuna watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa vidonge na kapsuli za kumeza zinazouzwa kule, wakakuta karibu theluthi moja zina rangi za kutengeneza, na karibu asilimia 45 zina laktosi (sukari ya maziwa). Zaidi ya tisa katika kila kumi zilikua na angalau kitu kimoja ambacho kimewahi kuripotiwa kuleta aleji au usumbufu kwa mtu. Hii haimaanishi dawa ni sumu, maana yake ni kwamba ukipata shida baada ya kumeza, mtuhumiwa siyo dawa yenyewe peke yake.

Majina ya kukariri, au piga skrinshoti:

Tartrazini ni E102, CI 19140, Yellow 5. Sunset Yellow nimeshaitaja. Allura Red ni E129, CI 16035, Red 40, hii iko kwenye dawa nyingi nyekundu na za waridi. Ponso 4R ni E124, kwenye chupa utaikuta Ponceau 4R. Karmoisini ni E122, pia huandikwa azorubine. Eritrosini ni E127, CI 45430, Red 3, ni ya waridi la kung'aa. Brilliant Blue ni E133, CI 42090, Blue 1. Indigo carmine ni E132, Blue 2. Ukiona jina limeongezewa neno "lake" ujue ni rangi ileile imeshikizwa kwenye alumini ili isiyeyuke, wanaitumia sana kwenye ganda la kidonge, usidhani ni kitu kingine.

Hizo tano za mwanzo zote ni za kundi moja la rangi za kutengeneza linaloitwa azo. Ulaya kikaratasi cha ndani kinatakiwa kitoe onyo la aleji zikiwa kwenye dawa ya kumeza, na Marekani dawa yenye Yellow 5 lazima itaje hilo jina kwenye maelezo yake. Tartrazini ndo inaongoza kwa kelele, hasa kwa watu wenye pumu na wale ambao aspirini inawasumbua. Nisikuze mambo, wanaopata shida kweli ni wachache. Ila ukiwa ndani ya hao wachache, uchache wenyewe haukusaidii chochote.

Pa kusoma: kwenye boksi au chupa tafuta sehemu ya viambato vingine, na kama haipo fungua kikaratasi cha ndani shuka mpaka mwisho, mara nyingi iko kwenye kipengele cha 6. Dawa nyingi za Marekani unaziona mtandaoni kwenye DailyMed, za Uingereza kwenye emc, andika jina la dawa shuka mpaka vile visivyotibu. Mi huwa nafanya hivyo kabla sijaenda famasi. Na mezani kwa mfamasia usiseme "nipe isiyo na kemikali", atakuona unamsumbua na kweli utakua unamsumbua, maana kila kitu ni kemikali. Mwambie "naomba parasetamoli ya maji ya mtoto isiyo na rangi, E110 hasa sitaki", hapo anajua aanzie wapi. Zipo zilizoandikwa "dye free" au "colour free" kwenye boksi, ila hata hizo geuza usome, maana kiwanda kinaweza kubadilisha mchanganyiko na boksi likabaki na sura ileile. Kila chupa mpya nasoma upya, hata kama ni ya mara ya kumi.

Maswali wekeni, nitajibu ninachojua.

#2 nukta_mbili

Mkuu pole sana kwa yaliyokupata. Ila niulize kitu bila ubaya, rangi kwenye kijiko cha dawa si ni miligramu chache sana? Kila rangi imewekewa kiwango cha juu cha siku na wataalamu, na dawa haifiki hata karibu. Sasa kwanini tuogope?

#3 Mleta uzi

Swali zuri mkuu na wala si ubaya. Uko sahihi kwenye viwango. Kwa Ulaya Allura Red ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, Sunset Yellow ni 4, eritrosini ni 0.1 tu. Mtoto wa kilo 15 kwa Sunset Yellow ni miligramu 60, na dozi ya dawa haifiki huko.

Lakini kile kiwango kinapangwa kwa kuangalia madhara ya kula kitu kila siku maisha yote, hakikuwekwa kwa ajili ya mtu ambae mwili wake unaikataa hiyo rangi. Mwenye aleji na karanga hatumwambii kula moja tu haizidi kiwango. Kwahiyo kwa asie na shida mi sisemi aogope. Nasema atakaepata shida ajue pa kutazama, asimsingizie mtu ambae siye.

#4 dirisha_la_dawa

Nafanya kazi famasi miaka mingi, naomba niongezee mawili matatu maana uzi ni mzuri ila watu watausoma halafu wakaenda kufanya vitu vya hatari.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni UZITO wa dawa kwenye chupa, yaani miligramu ngapi zimo kwenye kila mililita. Mtu anaacha ile ya rangi anachukua isiyo na rangi, anadhani ni kijiko kilekile. Hapana. Parasetamoli ya maji kuna ya miligramu 120 kwa mililita 5, kuna ya 160 kwa 5, kuna ya 250 kwa 5, na kuna ya matone ya vichanga ambayo nyingine ni miligramu 100 kwa kila mililita MOJA. Na baadhi ya zile za matone hazina rangi, ndo maana nalisema hili kwa herufi kubwa. Aliyezoea kumpa mtoto mililita 5 za 120 akampa mililita 5 za matone amempa 500, zaidi ya mara nne, na parasetamoli ikizidi inaua ini kimyakimya, siku ya kwanza mtoto anaweza asionyeshe chochote. Piga hesabu kwa kilo za mtoto: miligramu 10 mpaka 15 kwa kilo kwa dozi moja, si chini ya masaa manne kati ya dozi na dozi, na isizidi dozi nne kwa siku. Na tumia bomba au kipimio kilichokuja na hiyo chupa, usiazime cha chupa nyingine.

La pili, watu wanakwangua ganda la kidonge au wanakiosha kwa maji mpaka kiwe cheupe. Acheni. Kuna ganda limewekwa ili kidonge kipite tumboni kikayeyukie kwenye utumbo, na kuna vidonge vya kuachia dawa taratibu masaa 8 au 12 au 24, ukikikwangua au kukisaga inatoka yote kwa mpigo. Kapsuli hivyohivyo, baadhi zinafunguka bila shida na baadhi haziruhusiwi, uliza kwanza.

La tatu, usimkatie mtoto robo ya kidonge cha mkubwa kisa ni cheupe. Kidonge hakivunjiki sawasawa. Kama dawa ya mtoto isiyo na rangi haipatikani kabisa, kuna maumbo mengine, mfano parasetamoli ya kupachika njia ya haja kubwa kwa kawaida haina rangi, na kuna famasi zinazotengeneza dawa zenyewe kwa maelekezo ya daktari, hao unaweza kuwaambia wasiweke rangi.

#5 Mleta uzi

Dada/kaka ubarikiwe. Naomba kila anaesoma uzi wangu asome na #4, bila hiyo uzi wangu haujakamilika. Hiyo ya matone ilinikuta kasoro kidogo, nilishavuta mililita 5 kwenye bomba, nikasita nikasoma tena boksi. Mikono ilitetemeka.

#6 mama_mapacha

Mimi wangu hawatoki mabaka ila nikiwapa dawa ya mafua ile ya waridi wanachanganyikiwa, wanaruka kwenye makochi hadi saa sita usiku, hawasikii, wanapigana. Mwenzangu anasema ni sukari. Hii nayo ni rangi?

#7 Mleta uzi

Mama mapacha, hapa inabidi twende taratibu maana watuhumiwa ni wawili na mmoja watu wanamsahau.

Wa kwanza ni rangi. Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa chuo kikuu cha Southampton, walichukua watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9, karibu mia tatu kwa jumla, wakawapa vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na sodiamu benzoeti (ya kuzuia kitu kisioze), na siku nyingine kinywaji kisicho navyo, bila watoto wala wazazi kujua kipi ni kipi. Kwa wastani kutotulia kuliongezeka, ila siyo sana na siyo kwa kila mtoto. Na kwakuwa rangi na benzoeti zilikua pamoja huwezi kusema kwa hakika ni ipi iliyofanya. Baada ya hapo Ulaya tangu Julai 2010 chakula chenye mojawapo ya rangi sita (E102, E104, E110, E122, E124, E129) lazima kiandikwe kwamba kinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Ona sasa, onyo hilo ni la CHAKULA. Chupa ya dawa yenye rangi ileile haibebi hayo maneno, na hili linaniuma kwasababu mtoto anaemeza dawa tayari anaumwa. Marekani kamati ya washauri wa FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya kule) mwaka 2011 ilisema ushahidi hautoshi kusema rangi zinasababisha utukutu kwa watoto kwa ujumla, halafu mwaka 2021 ofisi ya afya ya mazingira ya jimbo la California ikasema zinaweza kusababisha au kuzidisha shida za tabia kwa baadhi ya watoto. "Baadhi" ndo neno la kushika.

Mtuhumiwa wa pili ni dawa yenyewe. Dawa za mafua nyingi zina dawa za aleji za kizamani kama difenhidramini au klorofenamini, ambazo kwa kawaida zinalaza mtu lakini kwa baadhi ya watoto zinafanya kinyume kabisa, anakua kama kapandishwa umeme. Na zile za kufungua pua kama pseudoefedrini zinakimbiza moyo na kufukuza usingizi. Kwahiyo ukibadilisha ukachukua yenye dawa zilezile bila rangi na bado wakaruka makochi, jibu umelipata.

Na la tatu, samahani kama nakuingilia, wana umri gani? Kwasababu dawa za mafua na kikohozi za dukani kwa watoto wadogo hazisaidii kihivyo. Marekani tangu 2008 chupa zenyewe zinasema zisitumike chini ya miaka 4, Uingereza tangu 2009 ni chini ya miaka 6. Mi nilipoziacha hizo tu, rangi nyingi zilishatoka kabatini kwangu zenyewe.

#8 mama_mapacha

Wana miaka mitatu na nusu. Asante sana, nimeenda kusoma chupa sasa hivi, ina E129 NA klorofenamini NA imeandikwa nyuma kwa maandishi ya sisimizi isipewe chini ya miaka sita. Nimeitoa kabatini, kesho naipeleka famasi wakaiteketeze.

#9 mzee_kigoda

Wanangu naomba na sisi wazee tusikilizwe. Mimi nameza vidonge saba kwa siku na macho hayaoni maandishi. Rangi ndo macho yangu. Cha bluu asubuhi, cha waridi usiku. Kila kitu kikiwa cheupe mtatuua.

#10 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kabisa na ni kosa langu sikulikazia pale juu. Warfarini kwa mfano, dawa ya kuzuia damu isigande, Uingereza kidonge cha miligramu 1 ni cha kahawia, cha 3 ni bluu, cha 5 ni waridi, na ile rangi imezuia watu wengi kumeza dozi siyo. Na kuna utafiti ulichapishwa 2013 Marekani kwa wagonjwa wa kifafa, wale waliopewa kidonge kilekile chenye rangi tofauti na waliyoizoea walikua na uwezekano zaidi wa kukatisha dawa. Kwahiyo simwambii mtu yeyote anaemeza vizuri na hana shida aende kubadilisha.

Ombi langu ni dogo kuliko hilo mzee. Dawa ya maji ya mtoto imo kwenye chupa, chupa ina lebo, mzazi ndo anaemimina. Pale rangi haimtofautishii mtu chochote. Na kidonge kinaweza kutofautishwa kwa umbo, ukubwa, mstari, maandishi ya kuchongwa. Wewe usiguse mpangilio wako, ila siku famasi wakikupa kidonge cha rangi usiyoijua usikubali kuondoka mpaka wakueleze ni kwanini kimebadilika.

#11 mzee_kigoda

Marahaba mwanangu. Hapo tumeelewana.

#12 chupa_tupu

Vipi kuhusu nyeupe? Nimeona kidonge cheupe pee kimeandikwa titanium dioxide E171, hiyo si ndo ilipigwa marufuku? Na hizi rangi za asili si ndo salama, viwanda si vihamie huko tu?

#13 Mleta uzi

Cheupe pee siyo lazima kiwe hakina rangi, umeona vizuri. Titani dioksidi yenyewe ni rangi, rangi nyeupe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2021 haiwezi tena kuihesabu kuwa salama kwenye chakula kwasababu hawakuweza kuondoa wasiwasi wa kuharibu vinasaba, na 2022 ikatolewa kwenye chakula. Kwenye dawa ikaachwa iendelee kwa sababu imo kwenye dawa nyingi mno na kuiondoa kwa mpigo kungeleta uhaba. Kwa aleji kama ya binti yangu haihusiki, ila anaetaka kuikwepa aangalie dawa za maji au vidonge visivyo na ganda.

Kuhusu asili, hapana mkuu, usiweke imani hapo. E120, karmini, ni rangi nyekundu inayotoka kwa mdudu, ni asili kabisa, na imewahi kuleta aleji kali za kuziba pumzi kwa watu. Bitiruti E162, kurkumini E100 ya manjano, beta karotini E160a, oksidi za chuma E172, hizi wengi wanazivumilia. Ila mwili hauulizi kitu kimetoka shambani au maabara.

Na kwa wanaofuatilia, FDA mwezi Januari 2025 ilifuta ruhusa ya Red 3, yaani eritrosini, kwenye chakula na dawa za kumeza, dawa zimepewa mpaka Januari 2028 kubadilisha. Sababu ni saratani ya tezi ya shingo kwa panya dume, na sheria yao inasema kikileta saratani kwa mnyama hakiwekwi, ingawa FDA wenyewe wanasema namna inavyotokea kwa panya haipo kwa binadamu. Kwenye vipodozi waliishaitoa tangu 1990. Miaka thelathini na mitano hairuhusiwi mdomoni kama lipstiki lakini inaruhusiwa kumezwa kama dawa, mi hili nimeshindwa kulielewa.

#14 koo_kavu

Niongeze kimoja ambacho watu hawakijui. Mwanangu alitolewa tonsi, daktari akatuonya wiki mbili asipewe dawa wala kinywaji chekundu. Kwanini? Kwasababu akitapika chekundu hamtajua ni damu au rangi. Na kweli usiku wa tatu alitapika, ilikua njano tu na maji, tukalala. Ingekua nyekundu tungekesha barabarani. Hivyohivyo wanaoenda kupimwa utumbo mpana kwa kamera wanaambiwa waache vinywaji vyekundu na vya zambarau siku ya maandalizi.

#15 Mleta uzi

Hii sikuijua, asante sana, naiongeza kwenye daftari langu.

#16 nukta_mbili

Nimerudi mkuu. Mke wangu toka utotoni anajulikana ana aleji na ibuprofeni, ilimvimbisha macho akiwa na miaka kumi. Nimemuuliza ilikua ya namna gani anasema vidonge vya kung'aa vya rangi ya chungwa. Sasa usiku huu anataka ajaribu cheupe aone.

#17 Mleta uzi

ASIJARIBU mkuu, tafadhali. Ibuprofeni na aspirini ni ndugu, na kuna watu mwili wao unazikataa zenyewe, rangi haihusiki hata kidogo, na kwao kidonge cheupe kitawavimbisha vilevile au zaidi, wenye pumu ndo balaa. Sisi tulikua na dawa tatu zisizohusiana na rangi moja, yeye ana tukio moja la zamani. Hiyo inatosha kwenda kuuliza tu. Aandike anachokumbuka, alimeza nini, baada ya muda gani, alivimba wapi, baada ya hapo amewahi kumeza nini cha rangi hiyo bila shida, apeleke kwa daktari wa aleji. Akiwa na maumivu usiku huu kuna parasetamoli.

#18 nukta_mbili

Sawa, amekubali. Anasema juzi tu alimeza vitamini za rangi hiyohiyo na hakuna kilichotokea.

#19 Mleta uzi

Basi hapo uwezekano wa rangi umepungua sana, na kama zilikua na E110 ndo zaidi. Cheki nyuma ya hizo vitamini wameandika rangi gani halafu uniambie.